Nionyeshe Ukurasa

Hotuba hii ilitolewa mjini Morogoro, mbele ya wasomaji waliokutana kuelezana vitabu, filamu, michezo ya redio na tamthilia za nyimbo wanazozipenda. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, vijana wetu, na wageni wetu mliotoka mbali, hamjambo?

Nimeombwa nikifungue kikao hiki kabla hamjaanza kuinuka mmoja mmoja na kutaja kazi mnazozipenda. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, lakini nimekuja na ombi ambalo pengine litawaudhi baadhi yenu. Naomba leo, katika ukumbi huu, asisimame mtu akataja jina la kitabu, akasema "ni kizuri sana, kisomeni," kisha akakaa. Kizuri kwa lipi? Kizuri wapi? Kilikukamata ukurasa gani? Na ulipofika hapo ulifanya nini: ulicheka peke yako ndani ya daladala mpaka abiria wakakutazama, ulikifunga ukaenda kunywa maji, au ulimfuata mtu jikoni ukamsomea kwa sauti huku anakuna nazi? Sifa tupu hazimsaidii msikilizaji, kwa sababu kila kitabu kinachouzwa kimeandikwa sifa jaladani, na kila filamu ina bango lenye maneno makubwa. Bango haliwezi kutoa ushahidi wako wewe uliyesoma, uliyetazama, uliyesikiliza.

Mimi nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na ninajua jinsi darasa linavyotuzoesha kuzungumza kuhusu kitabu pasipo kukigusa kitabu chenyewe. Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya tamathali za semi: yote hayo hujazwa kwenye karatasi ya mtihani, na mwanafunzi hupata alama nzuri kwa kitabu ambacho hakukipenda, na pengine hakukimaliza. Mnacheka kwa sababu mnawafahamu wanafunzi hao. Wengine wao wamo humu ndani, na nimewaona.

Basi nianze na changu. Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Najua wengi wenu mmekisoma, na najua baadhi yenu mlikisoma kwa kulazimishwa, kwa hiyo sitawaambia kwamba ni hazina ya taifa. Nitawaonyesha mahali. Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme, na mshitaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria katika Kusadikika, nchi inayoelea angani. Tungetazamia nini kwa mtu aliyesimamishwa mahali pa hatari kama hapo? Tungetazamia alie, au aombe radhi, au amrushie mshitaki wake matusi. Karama hafanyi hata moja la hayo. Anaanza kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande mbalimbali, kila mmoja akapata taabu zake safarini, akarudi na mambo mema aliyoyaona katika nchi za watu wengine, akayaeleza kwa uaminifu, na baada ya kuyaeleza akatiwa gerezani.

Wengi husifu mwisho wa kitabu, mfalme anapokubali na wafungwa wanapofunguliwa. Mimi kitabu hunikamata katikati, kwenye mjumbe wa tatu na wa nne, pale ambapo msomaji amekwisha kuijua njia nzima, anajua kabisa kwamba huyu naye atafungwa, na bado anatumaini kwamba safari hii watamsikiliza. Shaaban Robert anarudia. Mjumbe anatumwa, anateseka, anaona, anarudi, anafungwa. Anatumwa mwingine. Mwalimu mchanga angeweka alama nyekundu pembeni na kuandika "unarudiarudia." Lakini kama wajumbe wangekuwa wawili tungeona bahati mbaya, na kwa kuwa ni sita tunaona tabia ya nchi.

Sasa niulize: katika kikao cha leo, mjumbe ni nani na baraza ni nani? Kila atakayesimama hapa amerudi kutoka mahali ambapo sisi wengine hatujafika, na sisi tuliokaa ndio baraza. Na baraza zetu, tuseme kweli, hufunga watu. "Mtu mzima kama wewe unatazama katuni?" "Wewe msomi wa chuo kikuu unalilia tamthilia za Kituruki?" Mtu akishaambiwa hivyo mara moja hataji tena anachokipenda, hutaja kitabu anachodhani tunataka akipende, nasi tunabaki na orodha nzuri isiyo na mtu ndani yake. Ninawaomba, atakayesimama leo akataja tamthilia ya saa tatu usiku asichekwe, ilimradi atuonyeshe mahali.

Ndugu zangu, kuna namna moja ya kumpa mwenzio kazi unayoipenda ambayo ni ngumu kuliko zote, nayo ni kuitafsiri. Mwaka 1963 Tanganyika ilikuwa na umri wa miaka miwili tangu uhuru. Shule hazitoshi, madaktari hawatoshi, barabara ndizo hizo. Na mwaka huo Rais wa nchi anatoa kitabu, nacho ni tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar, ameitia katika Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Aliipata wapi nafasi? Tena hakuridhika. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka tena baada ya kurekebishwa, ikiitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere angeweza kutuhutubia kwamba Shakespeare ni mzuri, na tungeitika. Badala ya kutuhutubia aliketi akayapima maneno, mstari kwa mstari, kisha akarudi kuyapima tena miaka kadhaa baadaye akiwa na nchi nzima mabegani.

Na mahali penyewe? Kwangu ni pale Antony anaposimama penye maiti ya Caesar. Wauaji wamemruhusu aseme, kwa sharti kwamba asiwalaumu. Basi hawalaumu. Anamsifu Brutus, mmoja wa wauaji hao, kuwa mtu mwenye heshima. Anataja wema wa marehemu, kisha anamsifu Brutus. Anataja wema mwingine, anamsifu tena, na tena, kwa maneno yaleyale, hadi sifa ile inageuka kuwa shitaka na umma unaanza kunguruma. Nilikuwa nikiisoma sehemu hiyo darasani kwa sauti, na karibu kila mara wa kwanza kuelewa walikuwa wale wa dawati la nyuma kabisa, kwa sababu wa nyuma wanaijua kejeli kuliko wa mbele.

Kazi ya aina hiyo haikuishia kwa Mwalimu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, huandika kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi watu wa pwani yake mwenyewe hawakuweza kumsoma kwa lugha yao. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alitupatia Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise. Someni kurasa za mwanzo, mvulana Yusuf anapongojea sarafu ambayo tajiri Aziz humpa kila akija kuwatembelea. Anadhani mgeni huyo ni ndugu. Hajui kwamba siku moja ataondoka naye kwa treni kama malipo ya deni la baba yake. Furaha ya sarafu ile, ukiisoma mara ya pili, inauma.

Lakini je, ni lazima mtu awe Rais au profesa ndipo aweze kututafsiria? Hapa wasomi watanisamehe. Mnavikumbuka vibanda umiza? Mabati, benchi za mbao zisizo na egemeo, pazia zito mlangoni ili mwanga usiingie, jenereta inanguruma nje, na ndani joto la watu waliobanana mbele ya televisheni moja. Filamu ni ya Kichina au ya Kihindi, na hakuna anayekijua Kichina wala Kihindi. Ndipo inapoingia sauti ya msimuliaji. Lufufu alikuwa maarufu kwa kazi hiyo: filamu inakwenda, naye anaeleza kwa Kiswahili nani amesema nini, nani anamdanganya nani, na palipohitaji chumvi hakuwa mchoyo wa chumvi. Wapo wanaosema kwamba wasimuliaji wale waliharibu filamu. Mpwa wangu, ambaye utoto wake wote aliumalizia kwenye mabenchi hayo, alipokuja kuitazama filamu mojawapo nyumbani, picha safi, sauti safi, bila msimuliaji, alilalamika kwamba imepoa. Ninamwelewa. Alichokuwa akikipenda ni filamu pamoja na mtu aliyeipenda kabla yake, akiwa amekaa hapohapo anamwonyesha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye filamu, niseme neno moja kuhusu ubishi utakaozuka hapa jioni, maana huzuka kila mahali: kitabu kwanza au filamu kwanza? Adam Shafi alitoa riwaya ya Vuta N'kuvute mwaka 1999, na filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Habari ni ya Zanzibar kabla ya uhuru: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyemtaka, anaikimbia ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana anayepambana na ukoloni. Mimi nasema kitabu kwanza, kwa sababu kitabuni Yasmin anapewa nafasi ya kutosha kuwa na upweke wake, kutangatanga kwake, na marafiki wanaompokea, kabla siasa haijamfikia. Ila ukiwa na ndugu asiyeshika kitabu kabisa, mwonyeshe filamu kwanza na umwache aje kukuuliza mwenyewe. Huo ndio msimamo wangu. Anayeupinga atapata nafasi yake.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo tunalisahau mara nyingi, nalo ni kumtazama mtu kabla ya kumpa kitu. Nilikuwa na jirani aliyefanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Dar es Salaam miaka mingi, mtu mcheshi, ambaye alijitangaza kuwa yeye na vitabu ni paka na panya. Ningempa Kusadikika ningempoteza. Nilimpa Kuli, riwaya nyingine ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inayohusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na njia iliyowafikisha kwenye mgomo wa mwaka 1948. Sikumweleza maudhui. Nilimfungulia sehemu moja yenye kazi ya bandarini, nikamwambia: "Jirani, soma hapa uniambie kama mwandishi anaijua kazi hii au anatudanganya." Alirudi amejaa ubishi. Alikuwa na maoni juu ya wasimamizi, juu ya malipo, juu ya mtu gani angefaa kutangulia mbele siku ya mgomo, na alimsema Rashid, mhusika mkuu, kana kwamba ni kijana wa zamu yake aliyechelewa kazini. Yule aliyesema hasomi alikimaliza kitabu kizima kwa ajili ya kubishana nami.

Kubishana huko, wapendwa, kunahitaji watu wawili walioona kitu kimoja. Zamani redio ilitufanyia kazi hiyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na nchi ikamjua Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, pamoja na mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka, akamwacha na kuanzisha biashara yake. Mkwaju aliishia kufa kwa UKIMWI. Mchezo ule ulitungwa kwa makusudi ya kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti walitaka kupima nguvu yake, kwa hiyo kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995. Kiliweka vipindi vyake vingine, ili mikoa ilinganishwe. Wataalamu walipata takwimu zao. Mimi kila nikiikumbuka habari hiyo namwazia mtu wa Dodoma aliyesafiri kuja hapa Morogoro miaka ile, akashuka stendi, akaketi kwenye kahawa, akakuta wanaume wazima wanamlaani mtu anayeitwa Mkwaju, wanagombana kama Tunu alifanya vyema kuondoka au angengoja kidogo, naye hana hata neno la kuchangia. Amekosa nini hasa? Ujumbe wa afya angeweza kuusoma ukutani kwenye zahanati. Alichokikosa ni ule ugomvi.

Leo kila mmoja ana simu yake na masikio yake yamezibwa. Mume anatazama lake, mke lake, watoto lao, na wote wako kwenye kochi moja. Silaumu simu, mimi mwenyewe ninayo. Nasema tu kwamba tusipokaa kwa makusudi kama tulivyokaa leo, tutakuwa wote ni watu wa Dodoma wa mwaka 1994, kila mtu kwa kila mwenzake.

Nimeiacha kazi moja ya mwisho, nayo inatuhusu hasa sisi wa mji huu. Ni tamthilia ya nyimbo iitwayo Sarafina! Mbongeni Ngema aliitoa jukwaani Johannesburg mwaka 1987, kisha ikafika New York, na mwaka 1992 ikawa filamu, Leleti Khumalo akimwigiza Sarafina jukwaani na kwenye filamu pia. Wengi wenu mmeiona, na wengi zaidi mmeziimba nyimbo zake bila kujua zilikotoka. Ni habari ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, wale walioingia barabarani tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi.

Watu huzungumzia nyimbo na ngoma, na ni haki yao, kwa sababu vijana wale wanacheza kama wanaotaka kuvunja sakafu. Mahali pangu mimi pako jikoni. Mama yake Sarafina ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu, na anayemwigiza ni Miriam Makeba, yuleyule aliyeifikisha Malaika masikioni mwa dunia. Mwanzoni binti anamwonea mama yake aibu. Anawapenda mashujaa, anazungumza na picha ya Mandela ukutani, na mama aliyevaa aproni, anayeitikia "ndiyo" kwa mabosi, haonekani kuwa shujaa hata kidogo. Baadaye, Sarafina akiwa ametoka jela na ameyaona aliyoyaona, anarudi kwa mama yuleyule, katika kazi ileile, na sasa anamwona. Makeba karibu hafanyi kitu. Mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wote katika filamu nzima amepewa nafasi ya mtu anayesema kwa sauti ya chini. Filamu ina kasoro zake, na nadhani jukwaani, darasa likiwa ndilo ulimwengu mzima, ilikuwa na nguvu zaidi kuliko ilivyopanuliwa kwa ajili ya kamera. Lakini kwa jikoni lile naisamehe yote.

Na kwa nini nasema inatuhusu? Kwa sababu vijana wa kweli wa habari hiyo waliishi hapa. Baada ya Juni 1976 wengi walivuka mipaka, na serikali yetu ikakipa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Ikajengwa shule, ikaitwa Solomon Mahlangu Freedom College, kwa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Walisoma hapo, walilima hapo, walizaa watoto hapo, na wengine walizikwa hapo. Makaburi yapo, na majina yanasomeka. Mwaka 1992, mwaka uleule ambao filamu ilitoka, Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Vijana wa SUA mlioko humu, mnapita pale kila siku mkiwa na kompyuta zenu begani. Je, mmewahi kuitazama Sarafina! mkijua kwamba wale wa kwenye skrini, kama wasingepigwa risasi na kama wangepata njia, huenda wangelala katika mabweni mnayolala ninyi? Ningependa siku moja tuionyeshe Mazimbu penyewe, kwa watu wote, wanafunzi na wauza maandazi wa getini, na baadaye wazee wa mji waliouziana mboga na vijana wale wa Afrika Kusini wasimame watueleze walikuwaje. Mwenyekiti, hili naliweka mezani rasmi, na naomba liandikwe.

Basi sasa ni zamu yenu, na utaratibu ni mwepesi. Kila mmoja atapewa dakika tatu. Taja kazi yako, iwe kitabu, filamu, mchezo wa redio, tamthilia au taarabu ya bibi yako, kisha utuambie mahali: ukurasa, tukio, ubeti, sauti. Usitusimulie mwisho, maana wapo tutakaoazima. Ukimaliza, taja mtu mmoja katika ukumbi huu ambaye unadhani kazi hiyo inamfaa, na utuambie kwa nini ni yeye. Wenye vitabu mikononi, viwekeni juu ya meza hii mkishasema. Katibu ana daftari, ataandika jina la mwazimaji na siku ya kurudisha, na kwenye siku ya kurudisha tutakuwa wakali.

Asanteni kwa kunisikiliza. Yule kijana wa shati la kijani amekuwa akiinua mkono tangu nilipotaja tamthilia za Kituruki. Karibu mbele, mwanangu, tuonyeshe.